Kufuli Tulifunga, Majina Tukayaacha Mlangoni

Wiki iliyopita ulisoma hapa kwamba Hejer aliinuliwa kitini akiwa na mkate wa kaskruti mdomoni, akatolewa nje mbele ya watu mia mbili. Ukasema, "Masikini." Kisha ukafunua ukurasa wa mpira.

Usikatae. Nakujua. Hata mimi nilikuwa hivyo mwaka 2008, siku walipomtoa Zohra wa meza ya saba kwa kosa la kukaa chooni dakika sita. Nilikodolea macho kioo cha kompyuta kama vile kuna sinema. Nakumbuka mtandio wake ulikuwa wa kijani. Mtu akigeuza uso mara moja, shingo inazoea.

Leo hutageuza, kwa sababu leo nakwambia kosa ni la nani.

Ni langu.

Kwa aliyechelewa kufika: naitwa Dalenda. Nina miaka kumi na saba kwenye kituo cha simu hapa Sousse, ambapo kutwa tunawapigia wazee wa Ufaransa na kuwauzia mikataba ya umeme. Kazini hatuitwi majina yetu. Siku ya kwanza ofisi inakupa jina la Kifaransa, nawe unalivaa kama sare. Mimi ni Sandrine. Hejer, binti wa miaka ishirini na sita, ni Clothilde.

Tarehe 11 Februari, karatasi moja ya siri ya kampuni ilimfikia mwandishi wa habari. Ilionyesha kwamba hedifoni zetu husikiliza hata wakati wa mapumziko. Tukila, wanasikia. Tukilia, wanasikia. Kampuni inamtaka aliyeitoa, na imeshamchagua: Hejer. Alhamisi hii, saa tatu asubuhi, anasimama mbele ya baraza la nidhamu. Wakimtia hatiani anafukuzwa, na jalada lake linakwenda mahakamani kama la mwizi.

Aliyeitoa ile karatasi ni mimi. Niliikunja mara nne, nikaikanyaga ndani ya kiatu, nikatoka nayo getini nikichechemea. Mlinzi, anayeniita Lella kama wanavyoitwa mabibi wa heshima, aliniuliza, "Mguu umefanyaje, Lella?" Nikamwambia, "Umri, mwanangu."

Sasa sikiliza yaliyotokea Jumamosi.

Mkuu wa ofisi ya watumishi, Slah, ambaye kwa heshima tunamwita Si Slah, alituita mimi na Hejer asubuhi. Alikuwa ametulia kama mtu aliyeshiba.

"Karibu, Sandrine."

"Naitwa Dalenda."

"Nje ya geti, ndiyo." Akasukuma karatasi juu ya meza. "Soma."

Nikasoma. Sandrine. Mathieu. Bérengère. Clothilde. Majina arobaini na manne, na kando ya kila jina tarehe na saa.



Hiyo ilikuwa orodha ya chumba chetu cha soga cha siri, kile cha mtandaoni. Miaka miwili tulikuwa tunazungumza humo, kwenye mashine yetu wenyewe, niliyoiunda kwa mikono yangu kutoka kompyuta iliyotupwa na kuiweka jikoni kwa mama, kando ya gunia la semolina. Kila neno lilifungwa kwa kufuli. Hata mimi mwenye mashine nisingeweza kusoma barua ya mtu kama simo chumbani. Nilijivunia hilo kuliko watu wanavyojivunia watoto.

"Mmesema nini humo, sijui," Si Slah akasema. "Mafundi wangu wamehangaika wiki nzima. Herufi zimevurugika kama tambi. Hongera, umejenga kitu kigumu."

"Basi huna kitu."

"Nina majina."

"Hayo si majina ya watu."

Akacheka mpaka akavua miwani. "Lella Dalenda! Hayo majina nimeyatoa mimi! Huyu Clothilde nilimbatiza mwenyewe, tarehe tatu Juni, kwa sababu sauti yake ina umri mkubwa kuliko yeye. Mmejificha kwangu kwa kuvaa nguo nilizowashonea mimi?"

Hejer aliniangalia. Sitaki kukwambia aliniangaliaje.

Si Slah akaweka kidole kwenye mstari mmoja. "Kumi na moja Februari. Saa saba na dakika saba mchana, Clothilde anatuma kitu kizito. Si maneno, maneno ni mepesi. Huu ni mzigo. Saa nane karatasi yangu iko mezani kwa mwandishi wa habari. Nisaidieni. Ulikuwa mzigo gani?"

"Mlokhia!" Hejer akaropoka.

"Nini?"

"Picha ya mchuzi wa mlokhia! Mama aliiacha motoni akaenda kwa jirani, ikaungua, chungu kikawa kama lami. Nikaipiga picha nikawatumia, tukacheka. Wallahi, Si Slah. Ilikuwa mlokhia!"

"Vizuri. Nionyeshe."

Hejer akatoa simu yake, akairudisha mfukoni.

"Nionyeshe tu, binti yangu. Nikiona mlokhia, mimi mwenyewe nitakupeleka mezani kwako na kukuomba radhi."

Hakuwa na cha kumwonyesha. Mimi nilijua kwa nini, na nilinyamaza, kama nilivyonyamaza siku ya Zohra.

Kisha nikakataa kunyamaza. Nikasimama.

"Karatasi niliitoa mimi."

"Kwa njia gani?"

"Ndani ya kiatu."

"Kiatu hakiandiki saa, Sandrine. Mashine yako inaandika, na inasema siku hiyo hukutuma kitu. Wewe unatamani kufukuzwa tangu mapinduzi ya mwaka 2011, ili watu wakuimbe. Sitakupa heshima hiyo." Akamgeukia Hejer kwa sauti laini. "Huyu ana mama mgonjwa. Huyu atanitajia wengine."

Umeona? Nilikiri, nikakataliwa. Ukweli haukuwa na saa wala uzito, kwa hiyo haukuwa ushahidi.

Tulitoka nje. Hejer akaketi kwenye ngazi, akaanza kucheka kile kicheko kinachoishia vibaya.

"Lella, naenda jela kwa mlokhia. Mama akijua atakufa mara mbili. Mara ya kwanza kwa jela, mara ya pili kwa sababu wasomaji wote wa gazeti lako watajua aliiunguza."

"Hutakwenda."

"Basi ifungue ile picha."

"Siwezi."

"Wewe ndiye uliyejenga!"

Ndiyo. Na Jumatano ile walipomtoa kitini, mimi ndiye niliyeingiwa na hofu nikatuma amri chumbani: Tokeni nje wote. Futeni. Zimeni. Watu wakatii, nami nikatoka. Kisha nikaufuta mtambo wangu mpaka ukawa mtupu kama sahani ya mwezi wa Ramadhani baada ya adhana.

Nilisahau, au nilijifanya kusahau, kwamba ufunguo wa barua zetu haukai kwenye mashine. Unakaa ndani ya simu ya kila mmoja. Ukitoka chumbani, ufunguo unakufa na simu. Mashine ilitusihi tangu mwanzo tuandike maneno ya ufunguo wa akiba mahali. Nikawakataza. Nikawaambia, "Karatasi hupekuliwa. Kichwa hakipekuliwi." Maneno matamu hayo. Watu walinipigia makofi.

"Nani alitoka wa kwanza?" nikamuuliza Hejer.

"Mimi," akasema. "Ulisema tutoke."

Sasa swali: kama mimi nilifuta kila kitu, Si Slah ile orodha aliipata wapi?

Nililijua jibu kabla ya kufika kituo cha treni. Saa sita mchana tulikuwa Monastir, mlangoni kwa Lassaad.

Lassaad anatengeneza simu. Tulipoanza, wenzetu wa tawi la Monastir waligoma kuishi kwenye mashine ya Sousse. "Siri za Monastir zilale jikoni kwa mama wa mtu wa Sousse? Hata kahawa yenu hatunywi!" Nikawaambia jengeni yenu, tutaziunganisha. Kila mtu mfalme kwake, hakuna bwana wa wote. Niliona huo ndio uhuru, na bado naona hivyo. Mashine yao wakaiweka chini ya kaunta ya Lassaad.

Ila nyumba mbili zikiunganishwa mlango, kinachoingia moja kinaandikwa na nyingine pia. Mimi nilichoma yangu. Yao ilikuwa imekaa pale inapepewa na feni.

"Karibuni, watu wa Sousse!" Lassaad akapaza sauti. "Leo mmeshuka kunywa kahawa yetu?"

"Umewapa nini, Lassaad?"

Tabasamu likamtoka polepole, kama maji kwenye beseni lililotoboka.

"Watu wa Si Slah walikuja kwa adabu."

"Umewapa nini?"

"Wamenipa kazi ya kutengeneza hedifoni za matawi yote mawili. Nina watoto watatu, Dalenda."

"Nami nina Hejer. Umewapa nini?"

"Sikuwapa neno hata moja!" Akapiga kaunta. "Hata ningetaka, nisingeweza. Si wewe uliyetuapia kwamba hata mwenye mashine hasomi? Nikaona, basi hakuna dhara. Niliwapa orodha tu. Nani yumo, kaingia lini, katuma kitu cha uzito gani. Orodha siyo siri. Iko wazi kwenye mashine kama majina ya wapangaji mlangoni. Yaani wewe, fundi wetu, ulikuwa hujui?"

Nilijua.

Haya ndiyo niliyokuja kuungama, na wiki tatu nimekuzungusha kwa hadithi za ukatili wa Si Slah ili nisifike hapa. Nilijua. Nilijifunza mitambo peke yangu, bila shule, kwa kusoma maelekezo mstari kwa mstari na kamusi kando. Na mstari ule niliusoma: yaliyomo hufungwa, lakini majina, saa na uzito hubaki nje. Nilikuwa namenya vitunguu. Nikajisemea, nani atahangaika na majina? Tena majina yenyewe ya bandia.

Na wazo la majina lilikuwa langu pia. Wengine walitaka kujiita simba, chui, nyota. Nikasema hapana, ingieni kwa majina ya kazini. Ndiyo mliyozoea kuitikia, hamtakosea. Mtu wa serikali akichungulia, ataona Wafaransa arobaini na wanne wanapiga soga.

Nilimpangia mitego mtu wa nje. Nikamsahau aliyetubatiza.

Najua wewe msomaji mjuaji unasema nini sasa. "Si mngebaki kwenye programu ya kawaida kama watu wengine?" Tulibaki. Mwaka 2019 tulikuwa na kikundi kwenye programu ya kila mtu. Namba zetu za simu zilikuwa zimeanikwa pale, na namba hizo ofisi inazo. Watu kumi na wawili wakafukuzwa alasiri moja. Nawakumbuka wote, na meza walizokaa. Programu ile ina mwenyewe, na mwenyewe huyo hajui hata Sousse iko wapi. Ukilia kwake unalilia ukuta.

Mimi walau unaweza kuja kunitukana mlangoni kwa mama.

Kwa hiyo usinitafutie majuto ya kujenga. Najutia uvivu. Najutia kiburi cha fundi anayesifu kufuli asiseme dirisha liko wazi. Tutajenga tena, na safari hii nitawaambia watu mstari ule kwanza, kabla ya mistari mingine yote.

Nikamwambia Lassaad, "Fungua mashine. Nataka kuona kama ule mzigo wa Februari bado upo."

Akafungua. Ulikuwepo. Saa saba na dakika saba, Clothilde, mzigo. Umefungwa, umekaa kimya kama yai. Mlokhia ya mama yake Hejer, ushahidi wa uhuru wake, mikononi mwetu, na hatuna ufunguo.

"Onyesha simu zilizomo chumbani."

Mistari arobaini na minne ikashuka kwenye kioo. Hejer akaanza kuhesabu kwa kidole. Imetoka. Imetoka. Imetoka. Watu walinitii kwa namna ambayo hawajawahi kumtii mtu yeyote, na kila utii ulikuwa ufunguo uliozikwa.

Kidole cha Hejer kikasimama.

"Huyu hajatoka."

Simu moja. Ilikuwa hai. Mara ya mwisho kuingia: asubuhi ileile, saa moja na dakika kumi na mbili. Na ilikuwemo chumbani tangu mwaka juzi, maana yake siku ya mlokhia ilikuwepo. Simu hiyo ina ufunguo.

Jina lake: Ghislaine.

"Mungu amtunze aliyekaidi," nikasema. "Ghislaine ni nani?"

Hejer akanyanyua mabega. Nikamtazama Lassaad.

"Usiniangalie mimi. Nami nilimjua kwa jina hilo tu. Aliletwa na Nejmeddine, yule Mathieu wenu, naye yuko Kanada, kabadilisha namba."

Hapa lazima nikueleze jambo la kituo cha simu. Mtu akiacha kazi, jina lake haliendi naye. Linasubiri siku mbili tatu, kisha anavishwa mwingine. Hejer akapiga simu kwa rafiki yake wa tawi la Monastir, na jibu likaja: katika miaka miwili hiyo wamepita akina Ghislaine watatu. Mmoja aliolewa akahamia Marseille. Mmoja anauza keki Ksar Hellal. Mmoja yuko pale tawini mpaka leo, meza ya dirishani. Majina yao ya kweli rafiki huyo hayajui, na kumuuliza wa dirishani hawezi, hedifoni inasikia.

Ni yupi? Miaka miwili chumbani hakuandika neno hata moja. Alikuwa akituwekea alama ya samaki, ya kutukinga na jicho baya. Basi.

Mtu mmoja tu duniani ana daftari linalosema Ghislaine yupi ni binti wa nani. Unamjua. Amekaa mezani, ameshiba.

"Mwandikie," nikamwambia Lassaad. "Wewe mwenye mashine unaweza kutuma tangazo, hata kama chumbani hukuwahi kuwemo."

Akaandika: Ghislaine, dada, wewe ni nani? Tunakuhitaji.

Dakika mbili hazikupita, ikatokea alama kwamba ameusoma ujumbe.

Tukasubiri. Lassaad akaleta kahawa, nikainywa, kahawa ya Monastir, mara ya kwanza maishani. Hakujibu.

"Anaogopa," Hejer akasema. "Mimi pia nisingejibu. Kila atakachogusa humo kinaandikiwa saa, na mwenye kalamu ni huyu." Akamwonyesha Lassaad kwa kidevu. "Mwacheni. Akijitokeza, naye watamtoa."

"Na wewe?"

"Mimi wameshanitoa. Mmoja anatosha."

Umri wake ni miaka ishirini na sita, msomaji. Wewe una mingapi?

Lassaad akakohoa. "Kuna jambo jingine. Jumatano wanakuja kuichukua mashine yenyewe. Nimeshasaini. Wakiona mstari huu wa Ghislaine..."

Sikumngoja amalize. Nikachomoa waya wa umeme. Nikaibeba mashine mikononi kama mtoto mchanga, na feni yake bado inazunguka.

"Dalenda! Nitawaambia nini?"

"Waambie imeibwa na Sandrine. Waandike jina vizuri, ni la kwao."

"Na mstari wenyewe nimeshauona! Wakiniuliza?"

Nikasimama mlangoni. "Utawajibu kama mwanamume au kama orodha. Chagua."

Hakujibu. Kwa hiyo nahesabu kwamba atasema.

Basi hivi ndivyo tulivyo leo Jumanne. Mashine iko kwangu, nimekiri wizi kwa jina langu la kuzaliwa, waje. Picha imo ndani, imefungwa. Ufunguo uko kwenye simu ya mwanamke asiyejulikana. Jina hilo Si Slah analo kwenye orodha; akiambiwa na Lassaad au akisoma hapa kwamba ndiye mwenye ufunguo, atafungua daftari lake na kumfikia kwa dakika kumi. Mimi sina daftari. Nina gazeti, na gazeti lina jambo moja ambalo mashine yangu haikuwa nalo: halijui nani amelisoma.

Ghislaine, binti yangu, au dada yangu, au yeyote uliye: usitoke chumbani. Usifute. Usibadilishe simu wala usikubali programu ijisasishe. Ofisi wakikupigia, usipokee. Mashine ikikosekana usishtuke, picha ilishashuka kwako siku ile ile. Njoo Alhamisi kabla ya saa tatu, simu ikiwa na chaji, ufungue mlokhia mbele ya baraza. Hutaingia peke yako.

Na ninyi arobaini na wawili mliobaki, mlionitii nilipokosea, nitiini mara moja zaidi. Simameni nje ya geti Alhamisi hiyo, kila mmoja na jina alilopewa na mama yake limeandikwa kifuani kwa herufi kubwa. Orodha ina nguvu kwa anayejificha. Tukijitaja wenyewe, Si Slah atabaki ameshika karatasi.

Wewe je, uliyekaa mkahawani na gazeti hili? Una mke. Una dada, mpangaji, jirani wa ghorofa ya juu anayetoka na hedifoni shingoni. Kuna mmoja wao aliwahi kuitwa Ghislaine kwa saa nane kila siku, na hajawahi kukwambia kwa sababu hukuuliza.

Weka gazeti chini. Nenda kamuulize sasa.